Kura ya Orest na Beki Wetu

Benchi letu liko mlangoni mwa uwanja wa barafu wa Halvick, mkabala na dirisha la kahawa. Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio, na tulikuwa wanne: Meno, aliyeacha meno yake matatu uwanjani enzi zake, Kocha, ambaye hajawahi kufundisha hata paka, mimi, na Orest. Timu ya magongo ni ya mji mzima, kamati ina watu saba, na kura zilikuwa tatu kwa tatu. Iliyobaki ni ya Orest. Saa sita mchana dirisha la usajili linafungwa: ama Reimer, beki wetu, anakwenda Port Ransom na sisi tunapewa vijana watatu, ama anasainishwa msimu mwingine. Na huyo Reimer anaishi kwa Orest. Wachezaji wetu wanatoka mbali wakiwa na miaka kumi na sita, tunagawana kuwalea majumbani. Huyu ana mwaka wa tatu pale.

Meno: Asainishwe! Beki kama yule humpati tena. Anazuia kwa kifua, kwa goti, hata kwa shavu.

Mimi: Na tumeshinda mechi ngapi?

Meno: Tisa.

Mimi: Kati ya arobaini, Meno! Usinichefue asubuhi yote hii.

Kocha: Nyie mchezo hamuujui. Port Ransom hawamtaki acheze. Wanataka wamkalishe tu, asije akawazuia kwenye fainali.

Mimi: Wao wa kwanza, sisi wa mkia. Fainali tutakutana nao wapi, dukani?

Kocha: Halafu barafu yao wanaigandisha kwa maji ya chumvi. Inakula magoti. Mabeki wao wote wanachechemea.

Mimi: Umewaona?

Kocha: Nimeambiwa na kinyozi.

Meno: Hilo dogo. Yule mama wa maandazi aliyehamia hapa juzijuzi katokea wapi? Port Ransom! Katumwa yule. Anamnenepesha kipa wetu makusudi.

Mimi: Ala! Sasa mabao yote yale unalisingizia andazi?

Meno: Wewe hujamwona kipa anavyoinuka?

Orest alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Nikashindwa kuvumilia.

Mimi: Orest, sema basi! Umetuweka roho juu.

Orest: Anakwenda. Nimeshaamua tangu alfajiri.

Meno: Huna haya! Mtoto anakula kwako, unamtoa nje kama kiti kibovu?

Orest: Hapa nani anakuja kumwona, Meno? Wasaka vipaji walikuja mara moja, wakakwama kwenye theluji, wakageuza. Kule wanajaa kila mechi. Ana miaka kumi na tisa, mwaka wake wa mwisho wa kuonwa ndio huu. Tukimng'ang'ania, tunajifurahisha wenyewe.

Kocha: Na magoti je?

Orest: Kocha, nyamaza.

Niliona aibu, maana kusema kweli nami nilitaka abaki.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Marlene, mke wa Orest, unga umemjaa hadi viwikoni, koti kalitupia begani tu. Hakusalimia.

Marlene: Nakanda unga wa pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha. Niambieni kitu kimoja tu, jioni tunakula wangapi?

Meno akachungulia kikombe chake. Kocha, mwenye jibu la kila kitu, akainama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa. Mimi nikatazama barafu.

Orest akasimama, akafunga zipu ya koti, akavaa glavu moja baada ya nyingine.

Orest: Wawili, mama.

Marlene akalivuta koti lake begani.

Marlene: Haya. Basi napika zote, za kwake nazifunga. Kule ni mwendo wa saa tisa, atasikia njaa njiani. Nenda kapige kura yako, usije ukachelewa.

Akatoka haraka ili tusimwone analia. Tulimwona.