Mbuzi wa Ntheo Waliosimamishwa Getini

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Bartholomew, Daktari Ann, mwalimu wa hawa wanafunzi wa udaktari wa mifugo, wazee wetu, akina mama wenzangu wa kikundi cha wafugaji, na nyinyi vijana mnaotuaga leo: hamjambo nyote? Mimi Mutheu, mwenyekiti wenu, nasimama hapa nikiwa nimeshusha pumzi.

Daktari Ann alipokuja kuomba wanafunzi wake wajifunzie kazi katika maboma yetu, wengi mlikataa. Nani alitaka ng'ombe wake adungwe na mtu ambaye bado anajifunza kushika sindano? Nami nikawauliza: daktari atajifunzia wapi, ikiwa ng'ombe wa kwenye kitabu hapigi teke? Mkakubali shingo upande, kwa sharti kwamba wakikosea mara moja waondoke, na wengine wasije tena.

Basi ikafika ile Jumamosi ya ntheo ya Kamene, binti wa Mzee Kimanzi. Kwetu Ukambani nani asiyejua kwamba mbuzi wa ntheo wasipopokewa na wazazi wa msichana, hakuna ndoa? Wakwe wakatoka Kinanie na mbuzi waliowanunua sokoni njiani, tukapiga vigelegele, na pale getini akasimama Nzisa, mmoja wa hawa wanafunzi. Nzisa mwenyewe si huyu hapa, binti wa Syokimau, ambako mbuzi huonekana akiwa kwa sahani! Akasikiliza kifua cha mbuzi mmoja, kisha wa pili, akasema, "Mzee, naomba hawa wasiingie. Nashuku wako na homa ya mapafu. Wakilala na mbuzi wako, utapoteza wote."

Vigelegele vikakatika. Mzee Kimanzi akafoka, "Wewe msichana, unakataa ndoa ya mtoto wangu?" Na aliyewaleta hawa vijana ni mimi!

Nzisa hakubanduka. "Sikatai ndoa, Mzee. Wapokee hapa nje. Sisi tutawajengea banda kando tuwatibu, na wakipona wataingia."

Wazee wakateta, wakaamua kwamba kupokea ni kupokea, hata kama ni getini, ila karamu ingoje. Mzee akawagusa wale mbuzi vichwani, ishara kwamba amewapokea, bila kumtazama Nzisa. Wageni wakala kuku, na kuna mzee mmoja hapa mbele ambaye analalamika hadi leo.

Tukangoja. Kama Nzisa alikuwa amekosea, huo ungekuwa mwisho wa wanafunzi hapa kwetu, na usingizi wangu wote ulipotelea hapo. Kisha mbuzi mmoja akafa. Daktari Ann akampasua mbele yetu, tukayaona mapafu yameoza, na waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Waliobaki wakapona kwa dawa na kwa uangalizi wa hawa vijana, na bomani kwa Mzee Kimanzi hakukohoa hata mwanambuzi. Wiki jana ntheo ikamalizwa, nyama ikaliwa, na Kamene sasa ni mke wa mtu. Jamani, nimefurahi!

Vijana, huko mnakokwenda mtapata kazi, wengine kaunti, wengine kwenye mashamba makubwa, wengine mtafungua maduka yenu ya dawa. Dawa mtazikuta kila mahali. Lakini kumwambia mwenye mbuzi ukweli mbele ya wakwe zake, hilo mmejifunzia hapa, na sisi tumejifunza kuusikiliza.

Daktari Ann ameniuliza kama mwaka ujao tutapokea wengine. Swali hilo nilimpelekea Mzee Kimanzi, na nilikwenda kwa woga. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Mwenyekiti, ntheo ya mdogo wake Kamene ni Agosti. Waambie wanafunzi wafike kabla ya mbuzi."

Daktari, jibu ndilo hilo. Asanteni sana kwa kunitegea sikio, na Mungu awabariki.