Makapteni Waliponipita

Jamaa zangu, Mungu awape amani nyinyi na majumba mliyotoka. Nimeombwa niseme nanyi kidogo kwa sababu kesho alasiri mtasimama ukutani kule bondeni Ruwi kuchaguliwa, na wengi wenu mmefika karibuni kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, bado hamjayajua mambo ya hapa. Mimi si msemaji. Skuli niliiacha mapema, mpira ulikuwa ukiniita kila nikishika kalamu. Lakini hili la kupitwa nnalijua. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine wamo humu ndani wanajipepea.

Kwanza niwaeleze utaratibu wetu. Tuna timu nne za mitaa, Matrah na Maskati. Kila mwaka joto likipungua, wachezaji wapya huchezeshwa siku kadhaa huku makapteni wamekaa pembeni wanatazama. Kisha inakuja siku ya kuchagua. Timu iliyoburura mkia mwaka uliopita ndiyo inayotangulia, ili mnyonge naye apate nguvu. Kapteni anamwita amtakaye, anammiminia kahawa mbele ya watu, na ukishainywa kahawa yake umekuwa wake. Zamu inakwenda kwa mwengine, inazunguka hivyo hivyo mpaka watu waishe. Ni utaratibu wa haki. Lakini nnawaambia, ndugu zangu, haki nayo inaunguza ukiwa umeisubiri juani.

Unguja nilikuwa senta hafu. Sijisifu. Au basi, najisifu kidogo. Kazi yangu ilikuwa kugawa mpira: nautuliza, natazama, kisha naupiga mrefu unapita juu ya vichwa vya watu na kutua mguuni mwa winga kama kapelekewa kwa mkono. Mnazi Mmoja watu walikuwa wakiacha biashara zao kuja kunitazama. Tulipotoka baada ya mapinduzi, mimi na mama, baba alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na vitu vyetu vyote vilibaki kule. Mpira tu ndio niliokuja nao, kwa kuwa haukuhitaji sanduku.

Hapa Matrah nikawa si mtu. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji na kushukuru. Nikibeba magunia forodhani, na kila gunia likiniuma nikijiambia: ngoja, siku ya kuchagua itafika, watu watanijua. Wenzetu walioniona Unguja wakasema nitaitwa wa kwanza. Mama akawaambia majirani. Khalti mmoja, mama wa jirani, akaleta halua ya pongezi kabla hata siku yenyewe haijafika, tukaila.

Michezo ya kutazamwa ilikwenda vibaya, na mimi sikujua kama ilikwenda vibaya. Kile kiwanja mtakiona kesho, ni changarawe na mawe ya bondeni. Nikipiga mpira wangu mrefu, unatua, unaruka, unawafuata mbuzi. Nikampa winga mmoja kijana wa Qurayyat, mpira ukampita. Nikampigia kelele: kimbia, geuka, nyuma yako! Akanitazama. Nilikuwa nikisema Kiswahili, na yeye hajui neno. Beki wetu alikuwa Mbulushi wa hapa Matrah, naye vilevile. Mimi nikanyoosha mikono juu mbinguni, nikasema moyoni, hawa hawajui mpira. Tulicheza miguu mitupu, na siku ya mwisho nyayo zilikuwa zimechubuka kwa mawe, nikatoka kiwanjani nachechemea.

Basi ikaja siku. Kapteni wa kwanza akasimama, nami nikaurekebisha ukosi. Akamwita golikipa. Sawa, kila nyumba inataka mlango. Wa pili akamwita beki, si yule Mbulushi. Wa tatu akamwita kijana ambaye jana yake nilimpiga chenga mpaka akakaa chini. Wa nne akamwita senta hafu mwengine. Zamu ikazunguka, ikazunguka tena. Nyuma yangu nikasikia watu wawili.

"Yakhe, huyu si ndiye yule fundi wa Mnazi Mmoja?"

"Ndiye. Labda ufundi kausahau kule kule."

Wakacheka kwa adabu, na hicho ndicho kicheko kibaya kuliko vyote.

Nilikuja kuulizia baadaye, nikayajua yaliyopita kwa makapteni. Wa kwanza alikuwa na senta hafu wake tayari, tena shemeji yake, hakunihitaji. Wa pili aliniona nachechemea, akamnong'oneza mtu kwamba goti langu limekufa. Wa tatu hakujua lolote juu yangu, wala goti hakulisikia. Aliona tu kwamba watu wawili wanaojua mpira wameniacha, akaingiwa na khofu, akasema lazima pana jambo. Kila zamu ikirudi, sababu ya kunipita ilikuwa imenenepa, kwa kuwa nilikuwa nimepitwa mara nyingi zaidi. Wa kwanza alikuwa na sababu, wa pili alikuwa na dhana, na wa tatu alikuwa na wenzake wawili.

Mimi pale sikuyajua haya. Nilijua tu ukuta ulikuwa wa moto. Akaitwa mpaka bwana mmoja mwenye kitambi aliyekuja, nadhani, kumsindikiza mkwewe. Mwisho kabisa, birika likiwa linatikiswa kutafutwa kilichobaki, kapteni wa nne, Mbulushi, akanionesha kikombe. Kahawa ilikuwa nusu na imepoa. Nikainywa.

Nyumbani mama alikuwa amepika pilau. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Baada ya siku chache nikamwambia la pili: kuna jamaa wanakwenda Kuwait kutafuta kazi, nami nakwenda nao. Mama hapa hakuwa na mtu ila mimi. Ndugu waliotupokea walikuwa ndani ya nchi huku, mwendo mrefu, na wana shida zao. Akasema, "Nenda, mwanangu, kama ndio kheri yako," akaendelea kuchambua mchele. Ule mchele ulikuwa umeshachambuliwa.

Nikafunga mzigo wangu. Na kabla sijaondoka, alasiri moja, mtu akasimama mlangoni akaita, "Hud, hud," kama watu wa hapa wanavyopiga hodi. Alikuwa kapteni wa nne.

Nikamkaribisha mkekani. Yeye hana Kiswahili, mimi sina Kiarabu. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na mama Kiarabu anacho, amelelewa na babu yake aliyezaliwa huku Nizwa. Ikawa basi: kapteni aseme, mama afasiri kutoka nyuma ya pazia, mimi niko katikati kama karani wa mahakama.

Kapteni akasema maneno mengi, uso umekunjana. Mama akasema, "Anasema umecheza vizuri, na anafurahi kukupata."

Kapteni akalitazama pazia. Kiswahili hakijui, lakini alijua maneno yake hayakuwa machache vile. Akarudia polepole, akanionesha kidole, akaonesha mdomo wake, akanyoosha mikono juu vilevile nilivyonyoosha mimi kiwanjani. Nikalisikia neno "kibr", kiburi, na hilo mtu aliyesoma chuo cha Kurani hahitaji kufasiriwa. Mama akasema, "Anauliza kama hewa ya hapa imekukubali."

Nikamwambia, "Mama, sema kama alivyosema."

Pazia likatikisika. Nikadhani ameondoka. Kisha sauti yake ikaja, chini, bila kupambwa:

"Anasema mguu wako una ilimu, lakini mdomo wako hauna adabu. Unawapigia watu kelele kwa lugha wasiyoijua, wakikosa unanyoosha mikono kama wamekuharibia harusi. Anasema pasi yako ndefu ni ya kiwanja cha kwenu, na kiwanja cha kwenu hakipo hapa. Anasema mpira unaugawa wewe, lakini wanaoukimbilia ni wao, na mtu hamkimbilii anayemdharau."

 Nikamwomba amuulize, basi kwa nini alinichukua? Kapteni akacheka, mara ya kwanza. Mama akasema, "Anasema ulisimama ukutani mpaka mwisho. Mwenye kiburi kisicho dawa angeondoka."

Hapa, jamaa zangu, niwatolee siri. Viatu vyangu nilikuwa nimevivua kwa ajili ya vidonda vya nyayo, nikaviacha upande wa pili, nyuma ya makapteni, na nisingeweza kuvifuata bila ya kupita mbele ya watu wote. Sikumwambia siku ile wala miaka yote hii. Leo yumo humu, na Kiswahili sasa anakijua kutushinda sisi. Naona anatikisa kichwa.

Kisha mama akasema lake mwenyewe. "Haya, nimekwambia. Nlikupunguzia mara mbili kwa kuwa nliogopa, ukiumia utakwenda. Sasa ukitaka kwenda Kuwait, nenda. Lakini usende na uongo wangu."

Nikautazama mzigo wangu pale pembeni. Nikamtazama yule mtu aliyetembea na jua lile kuja kuniambia ubaya wangu usoni, wakati wengine wote waliunong'ona. Nikasema, "Mama, muulize 'nyuma yako' wanasemaje."

Kapteni akasema, "Warak." Nikasema nilivyoweza. Akanisahihisha. Nikasema tena, na nyuma ya pazia mama akacheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo nilivyobaki Maskati.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Nilikaa nje nikitazama wenzangu wakicheza, muda mrefu. Nikajifunza kulia na kushoto kwa Kiarabu, na maneno mengine ya Kibulushi ambayo yule beki Mbulushi, aliyeangukia timu yetu pamoja na winga, aliniambia ni ya mpira, kumbe mengine hayakuwa. Asubuhi nikenda na yule winga wa Qurayyat juu ya changarawe, tukipeana mpira mfupi, chini chini, tukijua jiwe lipi linaupindisha. Aliniambia alidhani siku zile nilikuwa nikimtukana mama yake.

Sikukuu ikafika, senta hafu wetu akashikwa na homa, nikaingia. Nikampa winga mpira mfupi, nikaita, "Warak!" Akageuka, njia nyeupe, golikipa peke yake, akaupiga juu ukapotelea majabalini. Uwanja mzima ukanitazama mimi, wanajua mikono yangu. Nikapanda naye mawe kuutafuta mpira. Tukashuka nao tunacheka. Mchezo wenyewe tulifungwa, lakini tangu siku ile, nikitaka mpira ufike, mtu alikuwa keshaanza kukimbia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyekubali kunipoteza kuliko kunidanganya. Namshukuru kapteni wangu, na winga wangu ambaye mpaka leo anapiga juu. Na nyinyi mlionipita, nawashukuru pia, ingawa nyinyi nitawashukuru polepole.

Kesho mimi ndiye nitakayeanza kuchagua, na mnajua maana yake: mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Nimewaomba makapteni wenzangu jambo, nao wamekubali. Mwenye shaka na goti la mtu asimuulize jirani yake, akamuulize mwenye goti. Na mtu asimwache mwenzake kwa sababu ameachwa. Pengine aliyemwacha ana shemeji tu.

Na wewe utakayebaki ukutani, sikuahidi kwamba makapteni watakuwa wamekosea. Mimi hawakukosea sana. Lakini sababu ipo, na utaletewa mlangoni, nzima. Kwa hiyo nikikupita kesho, ndugu yangu, usifunge mzigo kabla sijaja kubisha hodi.