Waya wa Ndalahwa na Misimu Minne ya Mvua

Baba Paroko, viongozi wa kijiji na wa walinzi wa jadi, wakwe zetu kutoka Mwamanyili, majirani mliokaa na ninyi mliochagua kusimama kule kwenye ua wa minyaa, familia ya marehemu mzee Masele inawasalimu kwa majonzi, na inawaomba utulivu, kwa sababu historia hii imeandikwa kwa mkono, karatasi zake ni nne, na zitasomwa zote nne hata kama yupo aliyetamani ziwe tatu. Anayesoma ni Jilala Masele, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ambaye naye ametajwa humu ndani, na mahali anapotajwa hapampambi.

Ndugu yetu mpendwa Ndalahwa Masele alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Nkoma, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Masele na mama Benedikta, wakulima wa pamba na wafugaji. Alipokuwa mchunga ndama alichapwa na baba yake kwa kuacha ndama waingie kwenye pamba ya watu, na alipoulizwa alikuwa wapi akajibu kwamba alikuwa amekaa anaangalia kivuli cha mti, apate kujua kinatembea kwa mwendo gani, jibu ambalo mzee hakuliamini hata kidogo, akaamini kwamba mtoto anaficha jambo. Walikuwepo watu waliomwona hivyo mpaka juzi anakata roho.

Alisoma shule ya msingi Nkoma kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, kisha shule ya kati mwaka 1961 hadi 1964 alipomaliza darasa la nane, nafasi za kuendelea zikawa chache, akarudi nyumbani. Mwaka 1965 familia ilihamia Sapiwi kufuata malisho, na tarehe 3 Julai 1967 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambulia pamba mjini Bariadi, akianza kwa kupaka mashine mafuta na baadaye akawa fundi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba bila barua ya onyo, hadi tarehe 30 Juni 1994, pale wanunuzi binafsi walipokwisha kuruhusiwa kuingia kwenye pamba na wafanyakazi wengi wakapunguzwa, naye akiwamo. Alirudi Sapiwi na boksi la spana, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli na redio pale senta.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 7 Oktoba 1972 na Milembe binti Malimi wa Mwamanyili, wakajaliwa watoto watatu, Jenifer aliyezaliwa mwaka 1975, Method mwaka 1978 na Domitila mwaka 1981, wote wapo hapa, wamekaa upande wa kulia wa jeneza.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi wenu mlikuwa mnapasubiri. Mwaka 1989, wakati wa mapumziko ya mchana pale kiwandani, marehemu na wenzake wachache walianza mazungumzo ambayo yakawa ya kila Jumapili saa tisa alasiri, na baada ya mwaka 1994 yakahamia kibandani kwake, wakijadili mambo ya sayansi ambayo hakuna aliyewatuma kuyajadili, kwa mfano kama kuna watu kwenye nyota nyingine, na kama wapo, je, wanafuga, au kama mashine inaweza kumhukumu mtu bila kumwonea, au kama mtu anaweza kupiga simu isiyo na waya akiwa ndani ya basi linalotembea, swali ambalo mwaka 1993 watu wote watano waliokuwepo walilitilia mashaka, na leo wale wachache wenu mliokuja na simu za namna hiyo tunaomba mzizime. Kila swali liliandikwa kwenye kaunta buku, likapewa namba na tarehe, na sheria ya kundi ilikuwa moja tu, kwamba ni mwiko kusema jambo haliwezekani kabla ya mtu kulipima, ukishindwa sema bado hatujajua.

Mazungumzo hayo yalitiliwa shaka tangu mwanzo. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, alikuja bwana mmoja mwenye miwani myeusi akidhani hilo ni tawi la upinzani, akaandika majina Jumapili mbili, na Jumapili ya tatu alikutwa ameweka kalamu chini anabishana kwa nini mwezi hauanguki. Wengine walisema kaunta buku ile ina majina ya watu watakaokufa. Familia inazo kaunta buku hizo, ni tano, zina maswali mia moja na kumi na mawili, na anayetafuta jina lake humo aje baada ya matanga, tutamfungulia.

Mwezi Agosti 1996 marehemu alisimamisha nguzo ndefu ya mkaratusi nyuma ya nyumba yake, akafunga waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua, ili ajibu swali namba 74, ambalo ni kama mikwaruzo inayosikika kwenye redio inatoka mawinguni au nyuma ya mawingu. Mvua za mwaka ule hazikuja. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, pamba haikuota, ng'ombe walianza kuanguka, na kila aliyeinua macho kutafuta wingu aliona nguzo ya Ndalahwa.

Tarehe 22 Februari 1997 ulipigwa mwano, yowe la kuita watu, wakakusanyika, na kamanda wa walinzi wa jadi, mzee Ngeleja, ambaye tunashukuru kumwona amekaa mstari wa mbele, alimuuliza marehemu mbele ya mkutano kama waya wake unaweza kuzuia mvua. Mtu mwingine yeyote angekana, hata kwa kuapa. Ndalahwa alisimama, akavua kofia, akashukuru kwa swali zuri ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria, akasema hawezi kusema haiwezekani kwa kuwa hajapima, akaomba apewe misimu minne ya mvua alichunguze. Alijibu kama alivyozoea kujibu Jumapili kibandani, wala hakujua kwamba hapo amejimaliza, maana mkutano ulisikia mtu aliyeshindwa kukana, tena anayeomba misimu mingine minne ya njaa. Mama Felisita, mkunga mstaafu na mwanakundi, alimwambia baadaye kwamba angesema uongo wa neno moja tu angelala kwake kwa amani.

Iliamuliwa atengwe, mpaka atakapotamka mbele ya watu kwamba waya wake ulizuia mvua, na atoe dume la ng'ombe. Mikono ilinyooshwa. Mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa Jilala, mdogo wake, ambaye pamba yake haikuwa imeota, na ambaye aliogopa nyumba yake isije ikafuata.

Ninyi mnaojua kutengwa hamhitaji kuelezwa, lakini wakwe zetu wajue, kwamba mtu aliyetengwa haombi moto wala chumvi, hachoti maji pamoja na wengine, akisalimu mwadila hakuna anayeitikia, baiskeli hazikuletwa tena kibandani, na atakayemsaidia kwa ugonjwa au kwa msiba anapigwa faini. Marehemu aliumia, tusifiche, alikonda, na mkewe Milembe anasema alikuwa akikaa mlangoni akihesabu watu wanaopita bila kugeuza shingo. Ila kila asubuhi saa mbili alitoka na rula kupima maji kwenye kopo la maziwa aliloliweka uani, hata siku ambazo kopo lilikuwa kavu, akaandika sifuri.

Mwisho wa mwaka 1997 mvua ilikuja, na ninyi nyote mnaikumbuka, ikanyesha mpaka mto Simiyu ukamwagika na mpunga ukaoza, huku waya uko palepale juu ya nguzo. Familia ilitegemea kwamba sasa watu watasema wamekosea. Walisema waya umegeuzwa.

Tarehe 16 Aprili 1998 mama yetu Benedikta alifariki. Kaburi lake lilichimbwa na watu watatu, Ndalahwa, kijana wake Method na mama Felisita, ambaye alikuja na jembe lake mwenyewe na kesho yake akatozwa mbuzi. Lilijaa maji wakichimba, ikabidi wayachote kwa ndoo, na mtu anayedaiwa kuzuia mvua alimzika mama yake akiwa amesimama ndani ya maji ya mvua yanayofika magotini. Jilala alikuwa amesimama nje ya minyaa. Aliyaona yote, hakuingia, hakushika jembe la kumfukia mama aliyemzaa, na leo anayasema haya kwa kinywa chake mbele ya watu, akiwa hana la kujitetea.

Mwezi Septemba 1998 marehemu alishusha waya na kuing'oa nguzo, bila kuamriwa na mtu, kwa sababu misimu miwili ya kupima ukiwa na waya ilikwisha na ilibaki miwili ya kupima bila waya. Kijiji kilielewa vingine, kikasema Ndalahwa ametubu, na Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba 1998 walikuja kumrudisha, dume likachinjwa, nyama ikaliwa, na mzee Ngeleja akatangaza kwamba kung'oa nguzo kunatosha kuwa kukiri. Marehemu aliinuka ili awasahihishe. Milembe alimshika shati kwa nyuma, akamwomba kwa sauti ya chini akae, kwa kuwa wachumba wawili walikuwa wamekwisha kumkimbia Jenifer kwa habari ya baba yake, na wa tatu alikuwa amekaa palepale anakula. Ndalahwa alikaa. Jenifer aliolewa tarehe 17 Julai 1999, na tunamshukuru Mungu kwa ndoa hiyo, lakini marehemu alimwambia mkewe mara nyingi kwamba ile nyama ilimkaa kooni, kwa sababu muda wote wa kutengwa hakusema uongo, na siku ya kusamehewa ndiyo aliyousema, kwa kunyamaza.

Afya yake ilianza kudhoofu mwaka 2002, akavimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa kwa vipindi tofauti mpaka tarehe 9 Machi 2004, saa nne asubuhi, alipofariki katika hospitali ya wilaya. Cheti cha daktari kinasema figo, tunaomba mjini na vijijini isemwe figo. Wiki moja kabla ya hapo aliomba jambo moja tu, kwamba historia yake itakaposomwa watu waambiwe majibu ya misimu minne, yote kama alivyoyaandika.

Jana alasiri mzee Ngeleja alifika kuomba kuona karatasi hizi, akashauri iandikwe kwamba marehemu alitubu mwaka 1998, na akatukumbusha, kwa upole, kwamba adhabu iliyoondolewa inaweza kurudi, hata kwa marehemu, na vijana wa kufukia kaburi wanaweza kuambiwa waweke majembe chini. Asubuhi ya leo familia ilikaa ikabishana. Wapo waliosema tusisome kabisa, wapo waliosema tusome nusu, tuache mstari wa mwisho kwa sababu neno kama hilo ndilo lililomponza kwenye mkutano. Milembe akasema alishamshika shati mara moja, hatamshika tena.

Basi marehemu hakutubu, kwa kuwa hakuona kosa. Aliandika hivi: msimu wa kwanza ukiwa na waya, mvua haba, wa pili ukiwa na waya, mvua ya kupita kiasi, wa tatu bila waya, mvua ya wastani, wa nne bila waya, mvua haba tena. Naona waya hauhusiki. Lakini misimu minne ni michache, kwa hakika bado sijajua, waendelee kupima.

Huo ndio mstari wa mwisho. Mwenye kutaka kuuita kukiri na auite, na vijana wanaoona tumevunja masharti waweke majembe chini bila kinyongo, jembe la kwanza analo Jilala, na safari hii yuko ndani ya minyaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, Baba Paroko, mafundi wenzake wa kiwandani, wanakundi wa Jumapili, mama Felisita, na majirani wote, waliokuja kulia na waliokuja kuangalia, wote mmefika na mmeonekana.

Ndalahwa, kaka yangu, pumzika kwa amani, mvua haikuwa mikononi mwako, na kama ilikuwa, tutapima.