Bi. Pyo Geum-sil, Aliyekataa Kuiondoa Kesi

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja kumsindikiza Bi. Pyo Geum-sil. Ninayesoma ni mdogo wake, Dong-il.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 wilayani Uiseong, mtoto wa kwanza wa wakulima wa vitunguu saumu. Alimaliza shule ya kati mwaka 1976, wa pili darasani. Ada ya kuendelea ilitosha mtoto mmoja tu, akaniachia mimi. Yeye akaenda Daegu kufuma vitambaa kiwandani.

Mwaka 1986 aliolewa na Bw. Ham Jun-tae, fundi wa mabasi. Siku ya posa, marehemu alimwandalia kitunguu saumu kibichi kilichopakwa pilipili. Shemeji akatafuna huku machozi yanamtoka. "Kitamu, mama," akasema. Mama yetu akacheka hadi akashika mbavu: "Muongo huyu, lakini ana adabu. Achukuliwe." Walijaliwa binti mmoja, Eun-byeol.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika kiwanda cha vipuri vya redio mjini Gumi. Tarehe 14 Oktoba 1997, saa nne asubuhi, mkuu wa kitengo chake alimwita ghalani, akafunga mlango, akambaka. Mwezi uliopita dada aliniagiza, "Usije ukasoma kwamba nilipatwa na matatizo. Litaje kwa jina lake." Nimelitaja.

Kituoni askari alimuuliza, "Mbona hukupiga kelele, mama?"

"Nilipiga, afande. Mashine arobaini zilikuwa zinanguruma."

Wiki hiyohiyo kiwanda kilimfukuza yeye. Mshauri wa kituo cha wanawake, Bi. Tak, alimweleza haki zake: alikuwa na mwaka mmoja wa kushtaki, angeweza kupinga kufukuzwa mbele ya tume ya kazi, na kudai fidia mahakamani. "Ila hili liweke kichwani, dada," alisema. "Ukiondoa malalamiko kesi inakufa, na haifufuki. Watakuja na maneno matamu. Watakuja na ndugu zako."

Ndugu aliyekuja ni mimi. Kiwanda kilikuwa kimempelekea mama kikapu cha mapeasi na karatasi ya kutia sahihi. Nilivibeba vyote viwili hadi Gumi.

"Dada, tia sahihi yaishe. Mama hawezi hata kwenda sokoni kwa aibu."

Hakunigombeza. Alimenya peasi moja, akalikata, akaniwekea sahani mbele. "Kula, Dong-il, umetoka mbali. Karatasi rudi nayo."

Nikala. Nikarudi nayo.

Juni 1998 yule mtu alihukumiwa miaka miwili na nusu. Mahakama ya rufaa iliisimamisha adhabu hiyo, akatoka akarudi kwake. Tume ya kazi iliamuru dada arudishwe kazini, naye akarudi. Kwa miezi kumi na moja alikula chakula cha mchana peke yake, kwenye meza ya watu wanane, kisha akaacha mwenyewe. Katika muda wote wa kesi shemeji hakukosa kikao hata kimoja.

Kuanzia mwaka 2000 marehemu alifanya kazi na Bi. Tak. Alifuatana na wanawake waliobakwa hadi polisi, hospitali na mahakamani, akikaa upande wa mlango ili asiwepo wa kuwazibia njia. Juni 2013 sheria ilipobadilika, kesi ya namna hii isife tena mlalamikaji anapojitoa, alinipigia simu: "Dong-il, sasa hata wakileta gari zima la mapeasi!" Alicheka, kisha akalia.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu ya mwaka mmoja. Alifariki hospitalini Daegu tarehe 21 Novemba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Sikuwahi kumwomba radhi. Namwomba leo, mbele yenu.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na mimi. Ameacha pia akina mama walioketi safu za nyuma, ambao familia haiwajui na haitawauliza. Aliwaahidi kwamba majina yao atakwenda nayo. Leo anakwenda nayo. Apumzike, hakuna tena wa kumhoji.