Gari la Kumtolea Mwali

KASIANI: Haloo! Haloo, yadi hapo? Nani anaongea?

NICKSON: Yadi ya magari Masasi, karibu mteja. Nani mwenzangu?

KASIANI: Mimi Kasiani wa Mkunya. Mwenye kile kigari chekundu.

NICKSON: Haloo? Sikusikii vizuri, mteja... mtandao wa huko Newala...

KASIANI: Nickson, nimekujua sauti. Ukikata simu hii nashuka Masasi kwa miguu, na sitakuja na maneno.

NICKSON: Aa, Mzee Kasiani! Kumbe ni wewe! Shikamoo mzee wangu.

KASIANI: Marahaba. Shikamoo zako zinafika mapema, spea tu ndizo hazifiki.

NICKSON: Ha ha! Mzee kwa utani—

KASIANI: Mimi na wewe hatuna utani. Nimesimama juu ya kichuguu kama nyani, ndipo simu inaposhika. Gari langu liko wapi?

NICKSON: Gari... gari lipo, mzee. Unajua ile spea ya Dar ilichelewa, pale Rufiji pantoni—

KASIANI: Pantoni gani? Si wamejenga daraja? Watu wanavuka huku wanakula mahindi ya kuchoma, wewe bado unanipandisha pantoni!

NICKSON: Basi ni barabara. Barabara mbovu—

KASIANI: Mwezi uliopita fundi alikuwa msibani. Kabla ya hapo ufunguo ulipotea. Siku mnaniuzia hamkuwa na msiba. Ulinishika mkono, ukaniambia lilikuwa la mama mzee wa Japani, analiendea kanisani tu.

NICKSON: Ndivyo bosi alivyoniambia na mimi.

KASIANI: Huyo mama alikuwa anasali porini. Sikiliza, kijana. Leo Perpetua anatoka.

NICKSON: Perpetua ndiye...?

KASIANI: Mtoto wa dada yangu Anjelina! Nimekueleza mara ngapi? Amekaa ndani unyagoni, leo anatolewa. Ngoma zimeshawekwa motoni, wanawake wanajifunga vibwebwe. Na mimi nilisema mbele ya watu, kwa mdomo huu: mwali wangu hatakanyaga mchanga, atarudi nyumbani ndani ya gari la mjomba wake. Na wewe uliniahidi gari litakuwa tayari leo.

NICKSON: [mkwaruzo] ...tayari, mzee. Ahadi ni ahadi. Limetengenezwa.

KASIANI: Limetengenezwa?

NICKSON: Limeondoka asubuhi, linakuja huko huko. Nilijua unapiga kusema ahsante. Yale ya pantoni ni mazoea tu, mzee; nikisikia sauti yako kisingizio kinatoka chenyewe.

KASIANI: Linakuja? Nani analiendesha? Fundi?

NICKSON: Si yule uliyemtuma?

KASIANI: Mimi nimemtuma nani?

NICKSON: Mzee, mbona unanitisha? Yule mheshimiwa. Alikuja akauliza, gari la mwali wa Mkunya ni hili? Nikamwambia ndilo. Akasema yeye ndiye baba wa mtoto, amekuja kulichukua.

KASIANI: Optatus.

NICKSON: Huyo huyo! Mzee Optatus, mnunuzi wa korosho. Mtu safi sana, alitununulia hata chai.

KASIANI: Umempa Optatus ufunguo wa gari langu.

NICKSON: Ni baba mzazi, mzee! Shughuli ni ya mtoto wake—

KASIANI: Mtoto wake? Nani kakuambia ni mtoto wake? Huku mtoto ni wa mjomba! Njomba! Akiugua anaulizwa nani? Njomba. Akitaka kuolewa posa inapelekwa kwa nani? Kwa njomba. Huyo Optatus mwenyewe alikuja kunipigia magoti mimi nikampa dada yangu!

NICKSON: Mimi ningejuaje, mzee? Kwetu Rombo mtoto ni wa baba. Mjomba anakuja kula nyama, anarudi kwake.

KASIANI: Hapo siyo Rombo! Umekaa Masasi miaka yote unauza magari, hujajua unawauzia watu gani?

NICKSON: Nisamehe, mzee. Nilifanya kwa nia njema.

KASIANI: Yeye anajua. Wewe hujui, lakini yeye amezaliwa Lupaso, hapo hapo wilayani Masasi, anajua vizuri sana. Amekutafuta wewe mgeni kwa makusudi, maana mwenyeji asingempa hata mfuniko wa tairi. Alikuwa amevaaje?

NICKSON: Nani?

KASIANI: Nani tena! Huyo mtu safi wako.

NICKSON: Aah... suti, mzee. Ya kijivu. Na miwani ya jua.

KASIANI: Miwani. Amekuja kutoa mwali au kuchomelea vyuma? Na gari lilikuwaje? Mlimpa na vumbi lake?

NICKSON: Hapana, lilioshwa. Alisimama mwenyewe, likaoshwa mpaka chini. Tukampaka nta—

KASIANI: Nta?

NICKSON: Kidogo tu. Linang'aa, mzee, ungeliona! Na siti tumezivalisha vitambaa vyeupe, na honi imerekebishwa—

KASIANI: Honi inalia?

NICKSON: Inalia vizuri kabisa.

KASIANI: Nickson. Gari hilo tangu nilinunue halijawahi kulia honi. Nikimkuta mbuzi barabarani natoa kichwa dirishani namfukuza kwa mdomo, watoto wa Mkunya wananiigiza. Nimewaleteeni, mkasema honi zake hazitengenezwi tena duniani!

NICKSON: Bosi alikuwapo leo, mzee. Bosi akiwapo vitu vinapatikana.

KASIANI: Akija Kasiani mwenye kandambili, bosi yuko safarini. Akija Optatus mwenye suti, bosi yupo, nta ipo, honi ipo. Na gari ni la Kasiani!

NICKSON: Mzee, usiumie hivyo—

KASIANI: Siumii! Nani kakwambia naumia?

NICKSON: [mkwaruzo] ...hakusema vibaya lakini.

KASIANI: Nani? Sema kwa sauti.

NICKSON: Mzee Optatus. Alipokuwa anasubiri lioshwe, alisema kitu. Mimi kilinigusa.

KASIANI: Alinisema?

NICKSON: Hakukutaja. Alisema, "Kijana, kaka yake alitoka jandoni, nilisimama nyuma ya umati kama mpita njia. Shuleni akifaulu anapongezwa mjomba. Huyu ndiye wa mwisho. Leo nataka anione nimemfuata mimi." Basi. Akavaa miwani yake.

KASIANI: [anapigapiga miguu chini]

NICKSON: Mzee? Upo?

KASIANI: Nipo. Sisimizi wamenipanda miguuni.

NICKSON: Nilifikiri simu imekatika.

KASIANI: Kama alitaka kumfuata mtoto, si anunue gari lake? Mifuko yote ya korosho anayokusanya! Kwa nini langu? Kila kitu changu anakiona kitamu. Nilipopiga bati, na yeye akapiga bati. Nilipochimba kisima, na yeye—

NICKSON: Subiri kidogo, mzee, kuna mtu anaingia hapa... [sauti za mbali] Nini? Wapi? ...Jekundu? ...Aisee! ...Haloo, mzee, usikate.

KASIANI: Kuna nini?

NICKSON: Ni dereva wa roli la makopa ya muhogo, ameshuka kutoka Newala sasa hivi. Anasema amepishana na gari jekundu pale kwenye kupanda mlima. Limesimama.

KASIANI: Limesimama.

NICKSON: Boneti liko wazi, moshi unatoka. Na mzee mmoja wa suti anazunguka.

KASIANI: [anacheka] Wa suti!

NICKSON: Mzee, si jambo la kucheka.

KASIANI: Niache nicheke, nimelipia! Loo, Mungu wangu! Lile gari lina akili kuliko nyinyi wote hapo yadini. Limemjua! Mwambie dereva akueleze vizuri: miwani bado anayo?

NICKSON: Anasema amevua koti, anatafuta kitambaa afungue rejeta—

KASIANI: Anatafuta nini?

NICKSON: Kitambaa. Afungue mfuniko wa rejeta atie maji.

KASIANI: Sasa hivi? Limechemka vile?

NICKSON: Ndivyo anavyosema.

KASIANI: Mjinga yule! Lile halifunguliwi likichemka! Linatapika maji ya moto mpaka kwenye matawi. Ladislaus jirani yangu liliwahi kumbabua mkono, hadi leo hakunji kidole. Litamchoma uso mzima!

NICKSON: Basi wacha limfundishe, mzee. Si umesema—

KASIANI: Wewe kijana una roho gani? Mwali anatoka leo, baba yake awe amelala hospitali amefungwa bandeji? Anjelina atalia au atacheza? Mpigie!

NICKSON: Simu anayo. Nikutajie namba, umpigie mwenyewe?

KASIANI: Usinitajie. Namba yake sina, na sijawahi kuitaka. Mpigie wewe. Mwambie asiguse kitu. Akae kivulini, mbali na boneti. Nakuja.

NICKSON: Unakuja na nini?

KASIANI: Na baiskeli ya Ladislaus na dumu la maji. Kushuka si kazi, breki ndiyo sina uhakika nayo. Na mwambie neno jingine, umwambie hivi hivi ninavyosema: usukani nashika mimi.

NICKSON: Nitamwambia.

KASIANI: Likishapoa haliwaki mpaka lisukumwe. Starta mlisema nayo iko njiani. Au leo mmempa na starta?

NICKSON: Hapana, starta bado.

KASIANI: Basi atasukuma. Mimi ndani, yeye nje. Asukume mpaka liwake.

NICKSON: Pale ni mlimani, mzee! Mtu mzima na suti yake!

KASIANI: Asukume! Si anataka kumfuata mwanawe? Watu hawafuati watoto wao kwa miwani. [mkwaruzo] ...na akisukuma vizuri...

NICKSON: Haloo? Umepotea. Akisukuma vizuri?

KASIANI: Nasema, mlima ukiisha, pale kwenye tambarare, nitampa usukani. Mpaka kwenye kona ya kwetu. Kona tu! Kuanzia hapo narudi mimi, maana watu wataanza kuona.

NICKSON: Na yeye ashuke?

KASIANI: Ashuke aende wapi? Akae nyuma. Mwali akitolewa ataingia nyuma, sasa yeye atakuwa tayari yuko pale. Nani atamtoa? Siwezi kuanza kumvuta mtu mbele ya ngoma.

NICKSON: Kwa hiyo atarudi nyumbani na baba yake.

KASIANI: Atarudi ndani ya gari la mjomba wake! Linaloendeshwa na mjomba wake! Atakayekaa kando yake hilo silijui, mimi nitakuwa naangalia mbele.

NICKSON: Nimekuelewa, mzee.

KASIANI: Hujaelewa kitu. Na wewe na bosi wako, shughuli ikiisha tutaonana. Starta, na zile—

NICKSON: Simu yako inalia lia, mzee, vocha inaisha hiyo.

KASIANI: Najua! Mpigie sasa hivi! Umwambie shemeji yangu asifungue mfuni—

NICKSON: Haloo? Mzee Kasiani? Haloo? ...Dereva, hebu nisomee hiyo namba ya Mzee Optatus hapo ukutani. Haraka, haraka!