Hukumu Kwanza, Jina Baadaye

Ba ndugu, ba jirani, baba padri, wachungaji, na ninyi mliotoka Lilongwe, Lumbadzi na Mitundu kuja kulia nasi hapa kambini Dzaleka: aksanti sana. Zikomo kwambiri. Mimi ni Darlène, mama Aristote, dada mdogo wa marehemu. Kabla sijaanza, mniwie radhi kwa jambo moja. Marehemu aliacha neno kwamba wasifu wake usomwe vile yeye alivyokuwa akisoma kesi uani kwake: mambo kwanza, jina mwishoni. Ndiyo maana binti yake Douce amebandika kikaratasi cheupe juu ya jina kwenye jalada la programu. Naona wengine mmeshakibandua. Haidhuru, jifanyeni hamkuona. Mimi kulificha hakunipi shida, kwa sababu kwetu kaka yako mkubwa humwiti kwa jina, unamwita Yaya.

Mtu huyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kabare, juu ya mji wa Bukavu. Baba yetu alikuwa seremala, mama alilima maharagwe, na hukumu za nyumbani alizitoa mama. Kitu kikipotea hakuuliza nani amechukua. Alitupanga ukutani na kuuliza, “Mwenye kufanya hivi apewe azabu gani?” Kila mtoto alisema adhabu yake, na mwenye kosa akijulikana alipewa ile ile tuliyoisema. Siku moja nyama ya Krismasi ilipungua chunguni. Sisi wote tulitaka mwizi alale bila kula. Yaya peke yake alisema, “Mama, huyo asamehewe, pengine alikuwa na njaa.” Mama akamwangalia. “Basi we mwenye njaa, kuja hapa.” Yaya alilala bila kula, na sisi tukacheka mpaka tukapaliwa.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Kabare, na sekondari mjini Bukavu, akamaliza mwaka 1970. Alianza masomo ya sheria Kisangani, lakini baba alifariki mwaka 1972 na ada ikakosekana. Alirudi akiwa na vitabu viwili na kravate moja. Kravate hiyo tumeijua sote. Hapa kambini aliivaa hata siku ya kupanga foleni ya maji, na wamama wa bombani wakimtania kwamba ndoo yake ina kikao na waziri.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa karani wa mahakama huko Bukavu, kazi aliyoifanya hadi vita ya 1998. Ndiye aliyeandika yaliyosemwa na kupiga mihuri kwenye hukumu za wengine. Katika miaka hiyo aliona kitu kilichomkaa moyoni. Mtu wa chama akivunja dirisha, ni ujana. Mtu asiye wa chama akivunja dirisha lile lile, ni uasi. Yeye alikuwa karani tu, akaandika yote mawili kwa mwandiko mzuri. “Dada,” aliniambia, “mukono wangu njo uliandika, na moyo wangu ulikuwa unakataa.”

Tarehe 6 Agosti 1977, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Louise, mshonaji. Mungu aliwajalia watoto wawili, Christian na Douce. Mawifi wa Louise, nikiwemo mimi, tulimjaribu sana huyu mama kama desturi inavyotaka, naye alitushinda kwa kunyamaza na kupika vizuri. Walikaa pamoja miaka arobaini. Wakigombana, Yaya alitaka kila mmoja aseme kwanza adhabu ya kosa kabla ya kutaja mkosaji. Louise alikuwa akimjibu, “Azabu ni kuosha vyombo. Jina ni lako.”

Tulifika Dzaleka, hapa Malawi, tarehe 17 Februari 2001, baada ya kukimbia kupitia Uvira na Tanzania. Yaya alijifunza Kichewa sokoni, kwa wanaouza nyanya, na kuanzia mwaka 2004 mahakama zilimwita kuwa mkalimani wa wakimbizi. Kesi ya ndugu yake hakuitafsiri hata mara moja. Jumapili baada ya kanisa alirudisha desturi ya mama. Watu walikaa uani kwake, wa Bukavu, wa Kindu, Warundi, Wanyarwanda, naye alisimulia kesi bila jina, bila kabila, bila chama. Kila mtu alitoa hukumu yake. Halafu ndipo alipotaja wahusika, na kelele zilianza hapo, kwa kuwa kila mtu alitaka kubadilisha. Jibu lake mnalijua: “Jina likishatoka, hukumu haibadiliki.”

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mmoja hapa analingoja, na ambalo wengine wamekuja wakijiuliza kama nitalipita kimya. Silipiti.

Mwishoni mwa mwaka 2011 kwetu Kongo kulikuwa na uchaguzi, na moto wake ukafika hapa. Mwanangu Aristote alikuwa na kibanda cha kuchaji simu sokoni. Yeye alikuwa wa upinzani. Jirani yake Chabani, mtu wa Kindu, aliuza sukari na mafuta, na alikuwa wa upande wa serikali. Siku matokeo yalipotangazwa walirushiana maneno, wafuasi wakajaa, na kabla jua halijatua Aristote alikuwa amechoma kibanda cha Chabani na Chabani amechoma cha Aristote. Moto mmoja, kosa moja, saa moja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Walihukumiwa mbali mbali, kwenye mahakama moja ya wilaya. Aristote alipata kifungo cha nje, aende nyumbani asirudie. Chabani alipata miaka minne gerezani. Ba ndugu, nilicheza! Nilitandika kitenge chini na nikacheza, mama ni mama. Upande wetu tulisema haki imetendeka, kwani watu wa chama chake si wanajulikana kwa fujo? Upande wa Kindu, Valentin, aliyekuwa na kipaza sauti chake pale sokoni, alichambua hukumu kutwa nzima: hakimu amenunuliwa, Malawi imeshachagua upande. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amesikiliza kesi zote mbili.

Yaya alikuwa amezisikiliza. Ya Chabani aliitafsiri, ya Aristote alikaa nyuma kama mjomba. Siku ya Jumapili iliyofuata alitusimulia kesi ya washonaji wawili wa Lumbadzi waliochomeana cherehani kwa ajili ya siasa. Tutoe hukumu. Valentin alisema wote wawili wapewe sawa. Mzee Ndayisaba, Mungu amlaze pema, alisema gereza halishoni nguo. Na mtu mmoja aliinuka akasema kwa sauti kubwa, “Kila mumoja amununulie mwenzake cherehani, na balale kwao. Lakini bote sawa!” Watu wakapiga makofi. Mtu huyo alikuwa mimi.

Yaya akarekebisha kravate. “Washonaji hapana. Ni Aristote wetu na Chabani.”

Weee! Kelele zilizotoka pale zilifika mpaka barabarani. Wengine wakaniambia nikane maneno yangu. Yaya hakupandisha sauti. Alieleza kwamba katika kesi ya Chabani, mwendesha mashtaka alisoma maneno ya chama aliyoyapigia kelele, na hakimu akayaweka kwenye mizani. Aristote naye alipiga kelele za chama chake, ila hakuna aliyezisoma, na viongozi wa kwetu walikuwa wamekuja kumsifu mbele ya mahakama. “Mi sisemi hakimu amekula kitu,” alimwambia Valentin. “Hakimu anaweza kukosea bila kuwa mubaya. Nasema siasa ya mumoja ilihesabiwa, ya mwengine haikuhesabiwa. Ile njo ya kukatia rufaa, si ya kutukania sokoni.”

Kesho yake Zaituni, mke wa Chabani, alikuja kwake na mtoto wao Malaika mgongoni. Yaya alimpeleka Lilongwe kwa mwanasheria wa msaada wa bure, na yeye mwenyewe alikubali kueleza tofauti ya kesi hizo mbili. Nilipopata habari nilimwendea mbio. Kulinganisha kesi maana yake kuifungua ya Aristote, na serikali ingeweza kuomba aongezewe adhabu.

“Yaya, unataka kumufunga mutoto wangu?”

“Sitaki mutu yeyote afungwe zaidi. Nataka ya Chabani ishuke, si ya Aristote ipande.”

“Na kama ikipanda?”

“Ikipanda, nitalia na we. Lakini siwezi kunyamaza tena kama Bukavu.”

Nilikasirika, na siombi radhi kwa hilo. Yeye angelala kwake, mwanangu angelala gerezani. Miezi ile sikumsalimu. Tulipokutana bombani niliangalia ndoo.

Siku ya rufaa, tarehe 11 Septemba 2012, nilitoka soko la Tsoka, Lilongwe, nilikokuwa nauza vitenge, nikaingia Mahakama Kuu na kukaa nyuma kabisa, rozari mkononi. Jaji alimsikiliza mwanasheria, kisha akamgeukia wakili wa serikali na kumuuliza kama anaomba ile adhabu ya nje ya Aristote iongezwe. Wakili akainuka, akatazama makaratasi yake, akasema hapana, serikali inaona adhabu ile ilitosha. “Kama ilitosha kwa huyo,” jaji akasema, “kwa huyu haitoshi kwa nini?” Chabani alitoka wiki hiyo hiyo. Zaituni alipiga vigelegele nje ya mahakama mpaka askari akamwomba apunguze, na mimi, mama yake Aristote, nilimsaidia kupiga.

Nilipofika kambini nilipita kwa Yaya kabla ya kupita kwangu. Nilimwambia tu, “Unakula nini leo?” Akasema, “Chochote chenye umepika.”

Kilichobaki ilikuwa ile hukumu yangu ya washonaji. Aristote alijaribu kujitoa. Mjomba wake akamwambia, “Hukumu ya mama yako, we unaikatia rufaa wapi?” Basi akafyatua matofali akajenga kibanda cha Chabani, na Chabani akajenga cha Aristote, na ili kupunguza kazi, vibanda hivyo vina ukuta mmoja katikati. Bado wanabishana kuhusu uchaguzi. Wanabishana kupitia ukuta, na wateja wanajipunguzia bei hapo hapo wakiwa wamesahaulika.

Yaya alianza kuugua kisukari mwaka 2015, baadaye figo. Louise na Christian walimpeleka Lilongwe mara nyingi, kwa kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, halafu minibus. Wiki yake ya mwisho hospitalini, waliokesha naye kwa zamu walikuwa Aristote na Chabani. Aliwaambia wasifu huu nisome mimi, tena nisome kwa ukali wangu. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, akiwa na miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Louise.

Ameacha mjane, Louise, watoto, Christian na Douce, wajukuu watano, dada, Darlène, mpwa, Aristote. Tena, kwa amri yake mwenyewe, orodha ya familia imeongezwa Chabani, Zaituni na Malaika. Valentin ametukopesha kile kipaza sauti, ndicho ninachosemea.

Sasa mmesikia mambo yote. Mtu aliyeandika hukumu za upendeleo akiwa kijana, akakataa kunyamaza akiwa mzee, hata pale ambapo mwenye kuumia angeweza kuwa wa damu yake. Toeni hukumu mioyoni mwenu, kila mtu yake, wa Bukavu na wa Kindu, kabla sijamtaja. Yangu naitoa mbele ya wote: mtu huyu alikuwa mwenye haki, na mimi niliyemkasirikia ndiye shahidi wake.

Mmemaliza? Haya. Jina lake ni Théophile Mugaruka Cirhuza.

Jina limetoka, Yaya. Hukumu haibadiliki. Pumzika kwa amani.