Maji ya Kioo Isimwangwe

Delphin, funga mulango. Na wewe Christa, sogea karibu yangu, kwa sababu ninayosema leo sitapata nguvu ya kuyarudilia. Mimi Uwamariya, mama yenu, ninaenda, na nyumba hii ya vyungu hapa Bweremana ninawaachia ninyi wawili, si mumoja.

Mumeacha kusemezana tangu vyungu vya maziwa vya harusi ya kwa Bisengimana vitoke motoni bila kungaa. Christa alikuta maji ya kioo, ile tope laini ya majivu tunayopakia vyungu ili moto uigeuze kioo, imeganda ndani ya pipa kama uji wa jana, akaongeza maji. Wewe Delphin ukamufokea mbele ya wageni: "Umeua kazi ya mama!" Akaenda zake Rubaya kupikia wachimbaji, na mimi nikabaki na mutoto mumoja mpaka leo.

Sasa mushike hili. Maji ya kioo ikitulia inaganda, ukiikoroga inalegea. Kwa hiyo koroga kwanza, ndipo uangalie kama kweli inataka maji. Ikikaa miezi mingi, majivu iliyo ndani inatoa chumvi yake, unga unazama na kushikana chini kama simenti. Tuliporudi kutoka kukimbia vita, Delphin, si wewe ulitaka kumwanga pipa lote? "Mama, hii imekufa," ndivyo ulisema. Nikakataa. Mimi nilikwangua, Christa akakoroga mpaka mikono ikamuvimba, tukachuja na kitambaa, tukatia udongo mweupe kidogo ili unga usizame tena. Vyungu vikangaa, vikatulisha. Wote wawili mulikosea pipa lile lile, lakini aliyefukuzwa ni dada yako peke yake.

Tanuru musiiuze. Kiwanja musikikate kwa ukuta. Shamba ya Masisi muiachie baba yenu mudogo Karangwa, na mukigombana naye, mukumbuke ni yeye alitupa pa kulala tulipokimbia vita.

Munizike kando ya baba yenu, bila makelele. Mungu awape mikono mizima na... ngoja, pumzi inakatika. Delphin! Muombe dada yako musamaha, sasa, mimi nikiwa hapa.

Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio yangu inaenda mbali... Tena...

Ee. Nimesikia. Mubarikiwe.